Viazi vya Bonde la Mhubiri

Verlene Oakes aliendesha basi la shule hapa Blythe, mji wetu wa ukingoni mwa jangwa, kwa miaka ishirini na saba, na hakuwahi kumsahau mtoto njiani. Nadhani ndiyo sababu tulimpa kazi ya kupanga safari za chama. Tulimpa kwa mwaka mmoja tu, mpaka apatikane mtu mwingine. Akakaa nayo miaka kumi na tisa.

Chama chetu ni cha wapenda mawe. Zamani tulipita hamsini. Mwaka ninaousimulia tulikuwa ishirini na wawili, karibu wote wastaafu, na nusu yetu tuna magoti ya bandia. Kuanzia Novemba hadi Machi, jua likipungua ukali, tunatoka kwa msafara wa magari kwenda jangwani kuokota akiki na mawe mengine. Tunachimba, tunakula, tunabishana, tunarudi. Mimi naitwa Consuelo Arriaga, nilistaafu posta, na ndimi katibu. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale nisiyoyaona, Verlene alinisimulia baadaye jikoni kwangu, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kiti.

Watu hudhani safari ya mawe ni nyundo na ndoo. Verlene alianza kuhangaika tangu Oktoba. Kwanza aliipigia simu ofisi ya ardhi ya umma kuuliza njia zipi zimefungwa, na kama kuna mtu aliyejiandikishia mlima fulani kuwa mgodi wake. Halafu alikwenda kuipita njia yote peke yake, maana mafuriko ya Agosti huikata barabara ya mchanga kama kisu kinavyokata mkate. Akirudi, aliketi na daftari: gari gani litapita na gani halitapita, nani apande na nani, nani hasemi na nani tangu uchaguzi wa mwenyekiti. Maji lita nane kwa kila kichwa. Tairi la akiba, koleo mbili, redio za mkononi, kisanduku cha barafu cha dawa za wenye sukari. Hayo yote aliyaweza. Kilichommaliza ni simu.

Aliyepiga sana ni Dub Kessling, mzee wa miaka sabini na tisa, mchimba visima mstaafu, mrefu kama nguzo, sikio moja halisikii.

"Verlene, huko choo kipo?"

"Dub, ni jangwani."

"Najua ni jangwani. Nauliza choo."

"Kipo kile kihema changu chenye ndoo. Kama mwaka jana. Kama mwaka juzi."

"Haya, sawa. Nilitaka kuhakikisha tu. Na zipu yake umeitengeneza?"

Kwenye mkutano wa Oktoba Verlene alisimama, akashika mgongo wa kiti. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mumewe Royce alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha dirishani, na mtungi wa oksijeni pembeni kama mbwa aliyefungwa. Akasema, "Jamani, nimechoka. Sisemi kwa kudeka. Naomba mtu aichukue kazi hii."

Ukumbi ukawa kimya, ungesikia jokofu la chumba cha nyuma likinguruma. Dub ndiye aliyevunja ukimya. "Unaifanya vizuri mno, Verlene. Tukimpa mwingine atatupoteza."

"Basi nipotezeni mimi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mwenyekiti akapita kwenye ajenda nyingine. Mimi niliandika kwenye kumbukumbu kwamba Bi Oakes anaendelea. Nilipoinua kichwa nikaona hajaketi bado. Naona haya kusema kwamba niligeuza ukurasa.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba kazi yake ilikuwa na sehemu nyingine, ile isiyoandikwa kwenye daftari.

Safari kubwa ya mwaka, ile ya Januari, huwa tunakwenda Bonde la Mhubiri. Huko zamani kulikuwa na mawe tunayoyaita viazi, kwa sababu kwa nje yanafanana na viazi hasa: mviringo, makavu, yenye vinundu. Ukilipasua moja kwa patasi, ndani unakuta uwazi, na uwazi huo umejaa fuwele zinazometameta kama sukari. Kina Dub ujanani walijaza mapikapu. Lakini bonde halizai. Kila kiazi kinachoondoka kimeondoka, na sisi tuliondoa kwa miaka arobaini.

Mwaka mmoja tulikwenda magari kumi na moja na hatukupata hata kimoja. Bi Ione Delahunt, ambaye wakati ule alikuwa na miaka themanini na amemaliza matibabu ya saratani majuma machache tu nyuma, alikaa garini na ndoo yake tupu mapajani, akasema, "Si kitu, hewa tumeivuta." Mwezi uliofuata tulihudhuria mkutano watu saba.

Verlene hakuisahau ndoo ile. Uani kwake alikuwa na lundo la viazi vya miaka ya neema, alivyookota mwenyewe bondeni humohumo. Januari iliyofuata, siku mbili kabla ya safari, alipakia ndoo mbili kwenye pikapu, akaenda bondeni peke yake na mtaimbo, akavizika. Vingine juu juu kwa ajili ya wasioweza kuinama, vingine kina cha kiwiko. Akafagia nyayo zake kwa tawi la kichaka, akauachia upepo ufanye kazi iliyobaki. Safari ile watu walipiga kelele kama watoto. Ione alipata vitatu, hatua nne tu kutoka mlango wa gari.

Basi akawa amejifunga. Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne lundo la uani likaisha, akaenda kwenye soko la mawe la Quartzsite akanunua gunia la viazi kutoka Meksiko. Alifanya hivyo miaka miwili, na gunia la mwaka huu lilikuwa tayari limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja, Harlan Pruett, mwalimu wa kemia aliyestaafu huko Dakota, ambaye huja kwetu na gari-nyumba lake kila baridi inapomzidi. Mpole, msafi, anaongea kama anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Mkutano wa Novemba ulimpa kazi ya kupanga kabati la maonyesho ya wilaya: mawe ya wanachama, kila moja na kibandiko chake. Dub akamwazima kiazi chake bora, kile alichokuwa akikiweka juu ya televisheni.

Wiki mbili kabla ya safari, Pruett alifika kwa Verlene. Alimkuta chini ya kibanda cha gari anakunja kamba. Akaweka nusu mbili za kiazi juu ya boneti, taratibu, kama mayai.

"Bi Oakes, kiazi hiki cha Dub si cha bonde lile."

"Dub alikichimba mbele yetu sote."

"Nimesikia. Lakini tazama ganda. Vya hapa vina jivu la volkano lenye wekundu, haling'oki hata kwa brashi. Hiki ni cheupe, cha kijivujivu. Kimetoka Chihuahua, Meksiko. Quartzsite vinauzwa kwa magunia."

Verlene akakaa juu ya sanduku la barafu. Aliniambia hakuona aibu wakati ule, wala hofu. Aliona usingizi.

"Sasa unataka nini, Bwana Pruett?"

"Sitaki kitu. Ila siwezi kuandika kibandiko cha uongo."

"Nani kakulazimisha kuandika vibandiko?"

"Mkutano. Na wewe uliunga mkono hoja."

Verlene akacheka bila kupenda. Pruett hakucheka, alikuwa ameeleza tu ilivyokuwa. Akaongeza kwamba maonyesho ni mwezi wa pili, kwamba hatamwambia mtu yeyote kabla ya hapo, na kwamba anadhani ingefaa Dub aambiwe na Verlene mwenyewe, si na kipande cha karatasi. Halafu akauliza kama anaweza kumsaidia kukunja kamba. Wakakunja pamoja.

Ukidhani kwamba baada ya hapo aliacha, hukumjua Verlene. Mtu akizoea kubeba, hata anapoambiwa atue bado mabega yamekaa mkao wa mzigo. Alhamisi kabla ya safari alimpa Royce chakula, akambadilishia mtungi, akapakia gunia, akaendesha hadi bondeni.

Alifika saa nne asubuhi. Akashusha mtaimbo. Akachimba shimo la kwanza, akaweka kiazi, akapiga goti kukifukia, na goti likakataa kunyanyuka. Si kwamba lilivunjika, lilikataa tu. Akabaki pale, mikono yote miwili mchangani, jua linampiga kisogoni, hakuna gari wala mtu mpaka macho yanapoishia. Alijiburuta hadi kwenye tairi la pikapu, akashika bampa, akajivuta juu, akaketi. Alikaa muda mrefu. Alisema alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipookota jiwe kwa ajili yake mwenyewe, akashindwa.

Kisha akakifukua kile kimoja alichozika, akakirudisha guniani, akaenda nyumbani.

Royce alimwona anaingia na gunia limejaa. Alikuwa anajua habari zote, ila huwa haingilii. "Vimekataa kuzikwa?" akauliza.

"Nimekataa mimi."

Royce akavuta hewa, maana kwake kila sentensi ilikuwa na gharama. "Verlene, wale ni watu wazima. Umewaendesha kama wale wa basi. Mtu mzima akikosa jiwe halii."

"Ione alikaribia kulia."

"Basi angelia. Ungempa kitambaa. Kitambaa hakina uzito wa gunia."

Jumamosi saa moja asubuhi tulikusanyika kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, magari tisa. Verlene alisimama kwenye ngazi ya nyuma ya pikapu yake kutoa maelezo, kama kawaida: maji, kofia, miwani ya kukinga macho unapopasua jiwe, hakuna kuingia kwenye mashimo ya mgodi wa zamani, redio kwenye chaneli ya saba. Tulikuwa tunanong'ona na kunywa kahawa, maana tuliyajua kwa moyo. Halafu, kwa sauti ileile, akasema:

"Jambo la mwisho. Viazi mlivyochimba bondeni miaka hii mitano niliviweka mimi. Vya kwanza vilikuwa vyangu, vya hukohuko. Vilipoisha nikanunua. Safari hii sikuweka. Kwa hiyo tukienda, mjue tunakwenda kwenye mashimo matupu. Samahani."

Nilikuwa na kikombe mdomoni na sikukumbuka kumeza. Dub akageuza sikio lake zima.

"Kasema nini?"

Nikamrudia, kwa ufupi. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mimi changu nilikichimba masaa mawili," alisema. "Masaa mawili mazima, Verlene! Mgongo uliniuma wiki nzima!"

"Najua, Dub. Nilikizika chini sana kwa sababu wewe hupendi cha rahisi."

"Nilimwita mchungaji aje akione!"

Dub akaenda kwenye gari lake, akaliwasha, akaondoka bila hata kufunga kifuniko cha tangi la mafuta. Magari mawili yakamfuata. Mwanamke mmoja alishusha kioo akasema, "Ulituona wajinga," akapandisha kioo.

Tukabaki magari sita, kila mtu anaangalia viatu vyake. Ndipo Bi Ione, ambaye sasa ana miaka themanini na sita, akapiga fimbo yake kwenye lami.

"Mimi nimeamka saa kumi na moja," akasema. "Nimechemsha mayai dazeni mbili. Siendi kuyala nyumbani peke yangu na paka. Tunaondoka au hatuondoki?"

Tukaondoka.

Siwezi kusema ilikuwa safari nzuri. Tulichimba, kwa sababu ndicho tulichojia, lakini kila aliyepiga koleo alikuwa na sura ya mtu anayepekua mfuko wa koti la marehemu. Wawili walipata vipande vya akiki vidogo kama kucha. Mimi nilipata kifuniko cha chupa. Pruett alipanda juu ya ukingo na kioo chake cha kukuzia, akakaa huko hadi saa sita, akarudi na kiazi kimoja, kidogo, chenye ganda jekundu. Tukakizunguka. Alipokipasua, ndani kilikuwa kimejaa jiwe tupu, hakina uwazi wala fuwele, sawa na kokoto la barabarani.

"Hiki ni cha hapa," akasema kwa furaha ya kweli. Nilitamani kumpiga kwa mtaimbo.

Verlene alikaa kwenye kiti cha kukunja. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona ameketi kabla ya chakula. Bi Ione alimpelekea yai, akasimama mbele yake hadi akalimaliza.

"Vile vitatu vyangu," Ione akamuuliza, "vilikuwa vyako au vya gunia?"

"Vyangu. Vya mwaka wa themanini na nane."

"Basi sirudishi." Akaenda zake.

Saa nane upepo ukaanza kurusha mchanga, tukafunga tukarudi. Hakuna aliyezungumza redioni isipokuwa Verlene, ambaye kila baada ya dakika kumi aliuliza kama gari la mwisho linaonekana.

Mkutano wa Februari ulikuwa mrefu na mchungu. Kulikuwa na waliotaka Verlene atolewe uanachama. Dub hakuja, lakini alituma barua ya mistari miwili: aliomba kiazi chake kisiwekwe kabatini, akaongeza kwamba hataki kurudishiwa. Tulipiga kura, kumi na moja kwa wanne, Verlene akabaki. Hakukaa kusikiliza matokeo. Royce alikuwa na kikohozi kibaya, akawahi nyumbani. Mwenyekiti alipouliza nani atapanga safari sasa, jokofu likaanza tena kunguruma. Nilikuwa nimeshainua kalamu niandike "limeahirishwa" nilipoona mkono wa Pruett unapanda, polepole, kama mtu asiye na hakika na jibu.

Alianza kwa kutuletea fomu ya kurasa nne. Aliuliza kundi la damu. Aliuliza ndugu wawili wa kuarifiwa, na mmoja wao asiwe anaishi nyumba moja nawe. Watu wakawa wanampigia Verlene kulalamika, naye anajibu, "Mpigie Pruett," anakata. Kujifunza kukata simu kulimchukua mwezi mzima.

Safari ya Machi Verlene alipanda gari langu. Alikuja mikono mitupu, hana hata kofia, nikamwazima yangu. Kabla hatujaacha lami alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Barabara ilitutupa huku na huko na hakushtuka. Tulipofika nilifungua madirisha, nikageuza gari kidogo ili kivuli kimfikie, nikamwacha. Wenzangu walipita wakichungulia. Aliamka saa saba, akakaa akinitazama nikipanga mawe yangu kwenye ndoo.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Pruett ametoa hotuba ya nusu saa kuhusu nge."

"Afadhali," akasema, akafumba macho tena.

Mwezi wa Mei Royce alilazwa, kifua. Alikaa hospitali siku kumi na mbili. Kukiwa kumebaki siku moja atoke, joto likafika nyuzi arobaini na tatu, na kipoza hewa kilichoko juu ya paa la Verlene, kile cha kupitisha upepo kwenye majani yanayoloweshwa na pampu ya maji, kikafa. Mtu mwenye mapafu yale huwezi kumrudisha kwenye nyumba inayochemka. Mafundi wote walisema wiki ijayo. Nikampigia Dub. Nilimweleza, akakata, na sikujua kama amesikia au la.

Baada ya saa moja alifika na ngazi. Hakubisha hodi. Sisi tulikuwa ndani tukisikiliza buti zake zikitembea juu ya vichwa vyetu, nyundo, tusi, nyundo tena. Halafu mashine ikakohoa, na hewa yenye harufu ya majani mabichi ikaanza kushuka. Dub akashuka nayo, shati limemganda mgongoni.

"Pampu ilikuwa imekufa," akamwambia Verlene. Ndilo neno lake la kwanza kwake tangu Januari. "Nimeweka ya kwangu ya zamani. Itasukuma mpaka Septemba."

"Asante, Dub."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba leo."

"Basi sawa." Akapokea glasi ya maji ya limau, akaimaliza kwa pumzi moja, akairudisha. "Royce anatoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja kumshusha garini. Wewe na goti hilo mtaanguka wote wawili, halafu mimi ndiye nitaitwa."

Alikuja kweli kesho yake, saa tatu na nusu, akangoja. Alimbeba Royce kutoka garini mpaka kwenye kiti chake kama anayebeba bomba refu, kwa uangalifu wa pande zote mbili, akamfungulia mtungi, akaketi naye mbele ya ile hewa ya baridi. Wakaanza kuzungumza habari za visima, Dub kwa kelele, Royce kwa maneno mawili mawili. Verlene alikwenda kuwatengenezea mikate. Alipokawia niliingia jikoni. Nilimkuta ameketi mezani, kisu mkononi, mkate mmoja umepakwa na mwingine bado, na amelala. Nikakichukua kisu, nikamalizia mikate mimi.